Koti la Karume chini ya Burj Khalifa

Koti lenyewe nililinunua soko la Karume, Ilala, kwa shilingi 25,000. Muuzaji alianzia 60,000, akaniapia kwamba limevaliwa mara moja tu, tena na padri. Jeusi, zito, lina manyoya kwenye ukosi. Ukilivaa unajihisi umebeba kondoo mgongoni. Nilikuwa naenda Melbourne, na Julai kule ndiyo baridi kali. Hilo nililijua. Nilichosahau ni kwamba njiani kuna Dubai.

Wala sikupanga kusafiri nimelivaa. Uwanja wa ndege wa Dar begi lilizidi uzito kwa kilo tatu. Mama watoto, ambaye ndiye aliyeshindilia humo pasi na viatu jozi nne, akatazama mzani, akasikia bei ya kilo moja ya ziada, akafungua zipu, akalitoa koti.

"Vaa."

Nikavaa.

Hiyo ilikuwa 2019. Tulitua Dubai saa moja asubuhi, na ndege ya pili ilikuwa saa nne usiku. Mtu mwenye akili angetafuta kiti akalala. Lakini mimi nilikuwa na viza ya kupita ya saa 48, na kwenye grupu la ukoo kuna mpwa wangu wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufunga mzigo kama anakwenda Kibaha. Picha zake na lile ghorofa refu la Burj Khalifa tumeziona mpaka tunazijua kwa tarehe. Na mimi nilitaka yangu, moja tu.

Uwanjani wanahifadhi mizigo, ila kwa malipo. Dirhamu moja wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi 600. Nikapiga hesabu, nikaona gharama ya kulihifadhi koti inakaribia bei yake ya Karume, basi nikalibeba begani. Nikakosea mlango, badala ya kwenda kwenye treni nikatokea nje, kwenye teksi. Jamani. Nilidhani nimesimama nyuma ya basi lililowashwa injini. Nikageuka kutafuta hilo basi. Hakuna basi. Ni hewa tu.

Treni ya Dubai haina dereva, na ndani yake kuna kiyoyozi cha kuhifadhia samaki. Dakika tatu tu meno yakaanza kugongana, nikavaa koti, na kusema kweli nikajisifu. Behewa lilikuwa na nafasi tele, watu wenyewe wastaarabu, wote akina mama. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Nilikuwa nimempigia kaka simu, namsimulia nilivyo mjanja, mara bibi mmoja wa baibui aliyekaa mbele yangu akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Weye baba, hili behewa la wanawake. Shuka kabla hawajaja wale wa faini, dirhamu mia hizo."

"Shikamoo bibi," ndilo neno pekee lililonitoka.

"Marahaba. Na hilo koti la nini, una homa?"

Nikashuka kituo kilichofuata, nikapanda behewa la wenzangu. Dirhamu mia ni makoti mawili na nusu.

Kuna kituo kinaitwa Burj Khalifa/Dubai Mall. Usidanganyike na jina. Ukishuka pale unaanza safari nyingine, kwenye daraja refu la vioo lenye mikanda ya kutembeza watu, ambalo nililitembea mpaka nikaanza kusalimiana na watu niliokwisha kuwapita. Ndani ya duka lenyewe baridi ileile. Nikapotea kwenye maduka ya saa, nikatokea kwenye maduka ya viatu, nikarudi tena kwenye saa. Nilipoipata njia ya nje ilikuwa saa nane mchana. Bei ya kupanda jengo niliisoma bangoni. Nikaamua kulitazama kutoka chini.

Nikasukuma mlango nikiwa na koti langu, vifungo vyote vimefungwa. Miwani ikawa nyeupe papo hapo. Unajua chupa ya soda ikitolewa kwenye friji inavyolia machozi? Ndivyo nilivyokuwa: mimi, miwani, na simu, sote tumetoka kwenye friji. Ile chemchemi ya maji ya kucheza inayosifiwa ilikuwa imetulia kimya kama bwawa la bata.

Na Burj Khalifa lipo kweli, sikatai. Mita 828. Tatizo la mita 828 ni kwamba ukisimama karibu haliingii kwenye simu. Nikarudi nyuma, nikapiga magoti, bado kilele hakionekani. Basi nikalala chali. Sakafu ile ingenikaanga mgongo, lakini koti la padri lilinikinga, hapo nililishukuru.

Sikukaa hata dakika moja. Nikasikia viatu vinakimbia, na mlinzi akaniinamia huku anaongea na redio yake kwa Kiingereza cha haraka, chupa ya maji mkononi.

"Niko mzima," nikasema. Kwa Kiswahili, kwa sababu ya hofu.

Akaishusha redio. "Kumbe wewe ni Mtanzania! Mzee, nilidhani umezirai. Saa hii hata watu wa mjengo hawaruhusiwi kufanya kazi kwa jua, ni sheria, mpaka saa tisa. Na wewe umelala hapo na jaketi?"

Alikuwa wa Kakamega, Kenya. Akanipa yale maji, akanisogeza, akachukua simu akanipiga picha mwenyewe. Niliitazama kwenye kioo, sikuona kitu. Jua linawaka, miwani ina ukungu. Nikataka anirudie nyingine, simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikajizima.

Ikawaka tena nikiwa uwanja wa ndege. Nikaituma kwenye grupu bila hata kuiangalia vizuri, nikakaa kusubiri sifa.

Kwenye picha kuna mwanamume wa koti zito, mikono ameikunja, amezungukwa na ukungu mweupe pande zote. Nyuma yake, mbali, kuna kitu kirefu chembamba cha kijivu.

Mpwa wa Kariakoo alikuwa wa kwanza: "Anko, ndege imetua kwenye baridi ya Makete?"

Shemeji: "Huo mti wa nyuma ni mkaratusi?"

Nikaanza kuandika maelezo, mita 828 na kila kitu. Kabla sijamaliza, mama akatuma ujumbe wa sauti.

"Pole mwanangu, baridi hiyo tunaiona. Na kofia uvae."