Jabali la Texas na Raba za Darajani

Yote yaliletwa na kahawa. Tulikuwa barazani kwetu Kikwajuni baada ya Alasiri, kashata zimekwisha na maneno nayo yanakaribia kwisha, ndipo simu yangu ikalia. Mpwa wangu aliyeko Texas kaleta video: yuko juu ya jiwe. Usidhani jiwe la kukalia. Jabali zima la itale, jekundu la kufifia, mviringo na tupu kama upara wa mzee. Wenyewe wanaliita Enchanted Rock, liko upande wa Fredericksburg, na kutoka chini mpaka utosini ni kiasi cha mita 130. Mpwa akaeleza kwamba mwisho wa wiki watu huweka nafasi mapema, maana pakijaa lango linafungwa.

"Jiwe linajaa?" akauliza Kidevu. "Kwani daladala?"

Baraza ikacheka, na mimi nikipata watu wa kucheka sijiwezi. Nikasema, na mashahidi wapo, kwamba mita 130 si kitu, hata mimi napanda na nguo zangu za Ijumaa. Kidevu akataka kujua nitapanda wapi, ikiwa Unguja yote imekalia matumbawe, ukichimba msingi unakutana na makombe, na itale pekee ya hapa ni ile ya kaunta za mahoteli. Nikajibu: Masingini. Maalim, aliyesomesha jiografia mpaka akastaafu, akaweka kikombe chini akathibitisha. Masingini ndiko juu kabisa kwa Unguja, mita 119 hivi kutoka usawa wa bahari.

"Basi mpwa wangu ananizidi mita 11 tu," nikasema. "Jumba la Michenzani hilo, tena halijafika juu."

Ningenyamaza hapo ningekuwa na raba mpaka leo. Lakini Kidevu alilishika neno la Maalim, "usawa wa bahari". Akasema ukishuka kwenye gari njiani umeshaiba mita. Sharti nianzie pwani, miguu irowe, hesabu ianze sifuri. Baraza ikapitisha, Maalim akiwa kadhi.

Sasa hizo raba. Nilizinunua mitumba ya Darajani mwaka daktari aliponiambia presha yangu inataka mwendo. Nilitembea siku mbili. Miaka sita baadaye nikazitoa chini ya mvungu, nyeupe, hazina hata mkwaruzo, nikajisifu kwa kutunza vitu. Mama watoto akabonyeza soli kwa kidole gumba. Ikaingia ndani, haikurudi.

"Gundi imeoza hii," akasema.

"Raba haiozi. Si ndizi."

Jumapili tukapanda daladala ya 502 mpaka Bububu, mimi na Kidevu, tukashuka pwani. Nikaingia baharini na raba zangu mpaka kwenye vifundo vya miguu, Kidevu akapiga picha ya ushahidi. Nikatoka, maji yanalia ndani ya viatu, tukaanza safari.

Barabara kuu tuliivuka salama. Kwenye minazi, jua limekaa sawasawa, mguu wa kushoto ukaanza kusema: chwaka, chwaka, chwaka.

"Chwaka iko mashariki, bwana," akasema Kidevu. "Sisi tunakwenda Masingini."

Nikatazama chini. Soli imefunua mdomo kwa mbele kama chewa kwenye meza ya mnada, soksi inachungulia kama ulimi. Hatua kumi mbele nikasikia wepesi wa ajabu mguuni. Nikageuka: soli imelala njiani peke yake, imetulia, kama inayosema endeni tu, mimi nimefika.

Akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani, ndara moja ya buluu, nyengine ya kijani, hapumui hata kwa nguvu. Alikuwa anapanda. Akasimama, akatazama mguu wangu, akatazama soli, akafungua kipande cha kamba ya makumbi kwenye mzigo wake akanipa. "Funga, mwanangu. Mnakwenda wapi?"

"Kupanda mlima, bibi."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Upi?" akauliza, akaenda zake.

Ndani ya msitu kuna kivuli, namshukuru Mungu. Msitu ule unalinda vyanzo vya maji yanayokuja mjini, kwa hiyo maji ninayokoga kila siku hutoka huko, na siku ile nilikuwa nayarudisha kwa jasho. Udongo ulikuwa bado na mvua ya usiku. Soli ya kulia ikanatia matopeni, nikaendelea bila yenyewe. Kima akashuka mtini, akaiokota, akainusa, akaitupa. Nimesusiwa na wengi maishani, lakini ile iliniuma.

Kileleni tulifika, nadhani. Jabali la Texas lina hisani, ukimaliza jiwe unajua umefika. Masingini ni tuta refu lililolala, linapanda polepole kisha linaacha kupanda bila kumwambia mtu. Simu ya Kidevu ikasema mita 117. Tukasogea, ikasema 112. Tukarudi, 115. Tulizunguka kama watu waliopoteza funguo, mimi na soksi zangu, mpaka Kidevu akaukumbatia mti mmoja akatangaza kwamba ndio huu.

Nikampigia mpwa kwa video. Ilikuwa saa tano asubuhi kwetu, yaani saa tisa za usiku kwake, lakini ushindi haungoji. Akatokea na shuka kichwani.

"Mjomba, kuna nini? Nani kafa?"

"Niko kileleni!"

Akafikicha macho. Nyuma yangu majani, kushoto majani, kulia Kidevu na mti wake.

"Mbona uko uani, mjomba?"

Nikapandwa na hasira. Nikageuza simu nimuoneshe tulikotoka, teremko lote lile, lakini mkono ulikuwa na jasho, simu ikainama ikaonesha miguu yangu: soksi mbili nyekundu kwa udongo, raba juu yake zisizo na chini, moja imefungwa kamba ya makumbi kama mzigo wa ndizi. Akanyamaza muda mrefu. Nikadhani mtandao umekatika.

Tulipokuwa kwenye daladala ya kurudi, nimeficha miguu chini ya kiti, ujumbe ukaingia kutoka Texas.

"Mjomba, unavaa nambari ngapi?"

Sikujibu mpaka baada ya Isha. Kisha nikaandika: 43.