Crazy Heart: Je, Bad Blake alipona haraka mno?

Lawama inayoiandama Crazy Heart, filamu ya Scott Cooper ya mwaka 2009, ni kwamba mlevi wake anapona kirahisi. Bad Blake, mwimbaji wa kantri mwenye miaka 57, yuko chakari karibu filamu nzima. Anapiga gitaa kwenye ukumbi wa bolingi, anashuka jukwaani wimbo ukiendelea, anatapika nje, anarudi kumalizia. Kisha anaingia soba, kituo cha kuacha pombe, dakika chache tu, anatoka mtu mpya. Aliyewahi kuishi na mraibu nyumbani ataguna.

Wengine wanasema hadithi yenyewe ni kiporo. Robert Duvall alishapata Oscar kwa kucheza mwimbaji wa kantri aliyeharibiwa na pombe katika Tender Mercies ya 1983, na humu yumo tena, safari hii kama rafiki mwenye baa. Hilo halinisumbui, walevi wenye magitaa hawajaisha duniani.

La soba lina uzito. Lakini wanaoitetea filamu wana hoja: haimrudishii Bad alichopoteza. Mtoto wa Jean, yule mwandishi wa habari ambaye Bad anampenda, anampotea Bad mjini Houston, Bad akiwa ameingia baa kupata moja tu. Mtoto anapatikana salama, ila Jean haendelei naye. Bad anaacha pombe, anamfuata, na bado anakataliwa. Mwanawe wa kumzaa, aliyemtelekeza akiwa mdogo, naye hataki kumjua. Wepesi wa kupona unafidiwa na ugumu wa kusamehewa.

Mimi udhaifu nauona kwa Jean. Mama mwenye akili zake na mtoto wa kulea anampendea nini mzee huyu? Maggie Gyllenhaal anajibu kwa uso wake, maana muswada haujibu. Yeye kazaliwa 1977, Jeff Bridges, anayemcheza Bad, 1949.

Filamu inapokomaa ni kwa Tommy Sweet, kijana aliyefunzwa na Bad na sasa anajaza viwanja. Unamngojea awe mwizi wa fadhila, lakini Colin Farrell anamcheza kwa adabu tupu: anamheshimu mwalimu wake, anamwomba nyimbo. Anayeona haya ni mzee, kwa kiburi. Na hapa Cooper anaijua biashara. Marekani, redio za kawaida humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, mwimbaji halipwi. Sauti ikichakaa, kalamu bado inaleta hundi. Wakenya waliokua na Jim Reeves redioni wanaijua kantri kwa sauti za waimbaji, na ni rahisi kusahau kwamba nyuma ya sauti mara nyingi kuna mtu mwingine mwenye wimbo. Bad akikubali kumwandikia Tommy, hanyenyekei. Anarudi kwenye kazi aliyoiweza kuliko zote. Ukombozi huu naukubali kuliko ule wa soba.

Bridges aliimba mwenyewe, akapata Oscar Machi 2010 baada ya kuteuliwa mara ya tano, na wimbo wa filamu hii, wa Ryan Bingham na T Bone Burnett, ukashinda pia. Hapo sibishi. Ila ningepewa mkasi, ningechukua dakika za mapenzi ya Santa Fe, mji anakoishi Jean, zile ambazo Jean hana la kufanya ila kumtazama akiimba, nikazipeleka soba, tumwone akitetemeka.