Mtoto wa awali amehitimu nini?

Nimesoma habari ya mahafali ya darasa la awali, nikaona wengine mnauliza mtoto wa miaka 5 anahitimu nini hasa. Mimi ni mwalimu wa awali, naomba nijibu.

Januari nilimpokea mtoto ambaye hakutaka hata kushuka mgongoni kwa mama yake. Alilia wiki nzima, jina lake hakulitamka. Mwezi wa tisa akasimama mbele ya wenzake, akapanga vifuniko 10 vya soda mkekani, akatoa vitatu, akasema, "Mwalimu, vimebaki saba!" Darasa likampigia makofi ya kilo. Hicho ndicho alichohitimu, na kwangu ni kikubwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na nashukuru sana. Ila sifa si zangu peke yangu. Mama yake huchoma maandazi alfajiri, na mtoto ndiye anayeyahesabu yakiingia kwenye ndoo. Jioni bibi humtegea vitendawili. Wazazi wanaonilalamikia kwamba daftari halina maandishi, jamani, mwacheni mtoto ahesabu, aulize, acheze na udongo; kalamu itamfuata.

Mahafali yetu ni Novemba. Atasoma shairi la beti mbili, na bibi ameshaniuliza mara tatu kama atapata kiti cha mbele. Nimemwekea.