Anwani ya tovuti ikikataliwa, gharama inamwangukia nani?

Kazi nyingi za utalii Bagamoyo siku hizi hupitia kwenye simu. Mwenye nyumba ya wageni pale Dunda au mwongoza watalii wa magofu ya Kaole, akitaka biashara yake iingie kwenye orodha ya mtandaoni, ataombwa anwani ya tovuti. Kama sehemu ya kujazia imetengenezwa kama ya maandishi ya kawaida, kibodi ya simu huanza na herufi kubwa, na akichagua neno inalompendekezea huacha nafasi tupu mbele yake. Kinachofika kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, ni Www.mfano.hotel.tz, hakina https mwanzoni na kina nafasi mwishoni. Fomu inamjibu kwamba anwani si sahihi. Yeye anajua tovuti yake ipo na wageni wanaifungua kila siku, wala hajui arekebishe nini.

Wanaprogramu hugawanyika hapa. Wapo wanaosema fomu imefanya kazi yake na wapo wanaosema imemfukuza mteja bila kosa. Nimesikiliza pande zote mbili na siamini kwamba moja ina haki yote, ingawa katika sehemu moja nina msimamo.

Nianze na wanaotetea ukaguzi mkali, maana hoja yao ni nzito na sisi tunaojenga mifumo midogo huipuuza. Anwani ya tovuti haitulii kwenye hifadhidata kama jina la mtaa. Kuna mtu ataibonyeza, au seva yenyewe itaifuata ili ichukue picha ya kuonyesha kwenye orodha. Anwani inayoanza na javascript:, jina la lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, haimpeleki mtu popote. Ikiwekwa kama kiungo, anayeibonyeza anaendesha programu ya mtu mwingine ndani ya ukurasa wako, kwa ruhusa zake mwenyewe. Anwani yenye alama ya @ inaweza kutanguliza jina la benki, huku tovuti halisi ikiwa ile iliyoandikwa baada ya alama hiyo.

Hatari huongezeka pale seva yako ndiyo inayofuata anwani. Mtu wa nje hawezi kufika 169.254.169.254, namba ambayo kampuni za kukodisha seva, AWS ikiwemo, huitumia kuipa seva taarifa zake yenyewe, pengine pamoja na funguo za muda. Seva yako inafika, na ukiituma itakwenda. Utasema utazuia namba hiyo pamoja na 127.0.0.1, ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Basi mwingine ataandika 2130706433, ambayo ni 127.0.0.1 ileile iliyoandikwa kama namba moja, au ataandika 127.1. Vivinjari huzielewa zote.

Hata nafasi tupu ina historia yake. Mwaka 2023 ilitangazwa kasoro ya usalama iliyopewa namba CVE-2023-24329: urllib.parse, laibrari (programu iliyo tayari kutumiwa ndani ya nyingine) ya kuchambua anwani katika lugha ya Python, katika matoleo ya kabla ya 3.11.4, ilishindwa kuona jina la tovuti endapo anwani imeanza na nafasi tupu. Mfumo uliokuwa ukizuia tovuti fulani kwa kulinganisha majina uliletewa jina tupu, ukaona halimo kwenye orodha ya waliokatazwa, ukaruhusu. Sehemu nyingine ya programu ikiondoa nafasi ile kabla ya kuifuata anwani, inafika palepale palipozuiwa. Anayesema kilichoandikwa vibaya kikataliwe mlangoni ana ushahidi mkononi.

Lakini ukaguzi mkali unaofanyika kweli kwenye programu zetu mara nyingi ni mstari mmoja wa rejeksi (regex), yaani kiolezo cha kulinganisha maandishi, ulionakiliwa mahali. Rejeksi hizo zilitungwa na watu waliodhani mwisho wa jina la tovuti, kama .tz au .com, una herufi mbili hadi nne tu. Dhana hiyo ilikuwa imeshakosea tangu 2001, ilipoanza .museum. Kuanzia 2013 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao, iliongeza mamia ya miisho mipya, na .africa ikaingia 2017. Tangu 2010 kuna miisho ya nchi kwa herufi za Kiarabu, ya Misri na ya Saudi Arabia ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Kichujio cha kuhakiki anwani cha PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, bado hukubali herufi za ASCII peke yake, yaani zile za Kiingereza bila alama za ziada.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni hiki. Ile sehemu ya fomu ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, iliyotengwa rasmi kwa anwani za tovuti humkataa mwenye www.mfano.hotel.tz, kwa sababu hakuandika https. Ukiandika javascript:alert(1) inapita. Kichujio cha PHP nacho humkataa yule wa kwanza, na anwani inayoanza na javascript:// hukipita. Wala waliovitengeneza hawajakosea sheria. Kwa mujibu wa RFC 3986, waraka wa kanuni za mtandao wa Januari 2005 wa Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, ile ya javascript ni anwani kamili na ile ya nyumba ya wageni haijakamilika. Kwa hiyo kuuliza kama anwani imeandikwa kwa kanuni hakukulindi. Unamzuia mwenyeji wako huku anayekusudia ubaya, ambaye kanuni anazijua kukuzidi, akipita.

Upande wa kulegeza nao una mizizi ya zamani. Jon Postel, mmoja wa waasisi wa mtandao, katika nyaraka za 1980 na 1981 za TCP, kanuni ya kompyuta kupelekeana data, aliwataka watengenezaji wawe waangalifu katika wanachofanya na wakarimu katika wanachopokea kwa wengine. Vivinjari vilikua kwa desturi hiyo. Leo kanuni ya anwani ya WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, ambayo vivinjari huifuata, huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni, huufuta mstari mpya uliopenya katikati, na katika anwani za http na https huuchukua mkwaju wa nyuma (\) kama mkwaju wa kawaida (/). Mtandao ulienea kwa watu wasio mafundi kwa sababu ya ukarimu huo, na sioni haya kuutetea.

Ila ukarimu una tatizo lake, kwamba kila mmoja hurekebisha kwa namna yake. Chukua https://mfano.co.tz\@mbaya.example. Kivinjari kinasoma mkwaju wa nyuma kama mwisho wa jina, kinakwenda mfano.co.tz. Programu inayofuata RFC 3986 bila kukagua herufi inaweza kuona kwamba yote yaliyo kabla ya @ ni jina la mtumiaji, ikaenda kwingine. Mmoja akikagua na mwingine akifuata, mshambuliaji anaishi katikati yao. Mwaka 2023 waraka mwingine wa aina hiyo, RFC 9413, ulieleza waziwazi jinsi uvumilivu wa aina hiyo unavyogeuza makosa kuwa desturi ambayo baadaye kila mtu analazimika kuibeba.

Msimamo wangu unatokana na kuangalia nani analipa. Ukaguzi mkali mlangoni unamlipisha mwenye biashara, ambaye hakutengeneza kibodi wala fomu. Ulegevu wakati wa kutumia anwani unamlipisha mgeni atakayebonyeza. Mwanaprogramu ndiye pekee mwenye uwezo wa kubeba gharama ya wote wawili, na gharama yenyewe ni mistari michache ya programu. Ondoa nafasi za kingo. Kama anwani haina utangulizi wowote, wa https: wala wa aina ya javascript:, weka https. Kisha ichambue anwani mara moja, kwa laibrari ileile itakayotumika kuifuata, kataa kisichoanza na http au https, na hifadhi kilichotoka kwenye uchambuzi badala ya maandishi ya awali. Herufi kubwa kwenye jina la tovuti zigeuze ndogo. Zilizo baada ya mkwaju ziache, kwa sababu seva nyingi huzitofautisha. Seva yako ikilazimika kuifuata anwani, kagua namba ya IP iliyopatikana, isiwe ya ndani kama zile za juu, na urudie ukaguzi huo kila inapoelekezwa kwingine. Hapo ndipo ninapotaka ukali usio na huruma.

Lipo pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito: kurekebisha ni kukisia. Mtu akiandika mfano.co, amesahau .tz au amekusudia hivyo? Mwisho wa .co ni wa Kolombia, kwa hiyo anwani hiyo inapita ukaguzi wowote, mkali au mlegevu. Kuijaribu mtandaoni hakusaidii sana pia. Tovuti halali inaweza kuwa imezimika siku mbili, na domeni, yaani jina la tovuti, ambayo ada yake haikulipwa inaweza kuchukuliwa na mtu mwingine kabisa, ikafunguka vizuri ikiwa na mambo tofauti. Programu haina njia ya kujua. Anayejua ni aliyejaza fomu.

Ndiyo maana naona kazi kubwa iko kwenye kumrudishia anwani aione. Baada ya kujaza, fomu imwonyeshe kiungo kama kilivyohifadhiwa na kumwambia akibonyeze athibitishe ni tovuti yake. Palipo na nafasi katikati, kama mfano. hotel.tz, isirekebishe kimyakimya wala isimfukuze. Imwambie kwa Kiswahili: «Kuna nafasi baada ya nukta. Ulikusudia mfano.hotel.tz?» Na kinachokataliwa kabisa kipewe sababu yake hapohapo, kwamba tunapokea anwani za http na https tu.