Injini ya Baba Si Geti

"Bosi, hii tupa. Kuna injini ya Kichina, leo unafunga, kesho unapakia korosho."

Fundi mmoja wa hapa Mtwara aliniambia hivyo wiki iliyopita, amesimama juu ya Honda CG125 ya marehemu baba. Nitupe! Pikipiki iliyopanda Newala enzi za vumbi tupu!

Kosa lilikuwa langu, nakiri. Cheni ilikuwa imelegea tangu Ramadhani, ikakatika kabla sijafika Mikindani. Ikajikunja kwenye sproketi ndogo, ikapasua kasha la injini upande wa kushoto. Oili yote ikaishia barabarani.

Fundi wa kwanza alipaka gundi ya chuma. Haya, ilinifikisha nyumbani, simnyimi haki yake. Siku ya tatu ikabanduka.

Wa pili ndiye aliyeniharibia wiki. Kutwa anachomelea mageti, na kwake kila kitu ni geti. Kasha linanuka oili, yeye kashawasha mashine! Ndugu yangu, hiyo ni alumini ya kumimina, ina vitundu usivyoviona, na vimekunywa oili miaka yote hiyo. Ukiipiga moto, oili inachemka humo ndani na kutoka kwa mapovu. Alichoniachia ni kitumbua. Tena alumini haikupi taarifa kama chuma. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu, wakati ngozi yake ya juu, ile kutu nyeupe, inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi anasubiri wekundu. Anaona ngozi imesimama, kumbe ndani ni uji. Kufumba na kufumbua, tundu la kupitisha kidole. Halafu ananiambia, "Chuma cha zamani hiki, kimechoka."

Kimechoka! Osha kwanza. Pasha moto taratibu, oili itoke jasho, futa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Toboa kitundu kila mwisho wa ufa usiendelee kutembea, chimba mfereji, sugua kwa brashi ambayo haijawahi kugusa chuma. Ndipo umtafute mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni, na kasha liwe limeshapashwa moto lote. Ukimaliza, liache lipoe lenyewe. Ukilimwagia maji umelipasua upya.

Mwingine kanishauri nifunge nusu ya injini ya Kichina, "maana zote CG." Ni kweli, Wachina wameiga injini hiyo hiyo ya Honda ya mwaka 1976. Lakini nusu mbili za kasha huchongwa pamoja ili beringi zitazamane. Ukiozesha nusu ya huku na nusu ya kule, jiandae kununua beringi kila msimu.

Kijana wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya siku simlaumu. Akafunge ya Kichina, watoto wapate kula.

Mimi nimeng'oa kitumbua chote kwa tupa. Sasa hivi kasha liko jikoni kwangu, kwenye sufuria kuukuu, linachemka na sabuni ya unga (magadi msitie, yanakula alumini). Maji yamekuwa meusi mara ya nne. Mke wangu ameshauliza mara mbili kama ndiyo mboga ya leo.