Kudumu si milele

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjomba, kule Tandahimba, kujaza fomu ya shamba lake. Safu moja iliandikwa "mazao ya msimu", ya pili "mazao ya kudumu". Ufuta na mbaazi havikumpa tabu. Kwenye mikorosho akasimamisha kalamu, akanigeukia: "Mjomba" (kwetu tunaitana hivyo wote wawili), "hii inadumu mpaka lini?"

Karani akacheka. Mimi nikaona mzee kauliza swali la lugha.

Kudumu tumelitwika mzigo wa milele, na si mzigo wake. Marehemu huombewa pumziko la milele. Sijasikia anayemwombea pumziko la kudumu. Kazini ni kinyume: ajira ni ya kudumu, na atakayesema ana ajira ya milele atakumbushwa kustaafu. Kudumu hushindana na "ya muda" tu. Tulikuwa na Katiba ya Muda ya 1965, tukapata ya kudumu 1977, na hiyo ya kudumu imeshafanyiwa marekebisho mara kadhaa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura nalo kila baada ya miaka tunaitwa kuliboresha, wala hakuna anayeshangaa.

Ndiyo maana napenda tunapoimba "Dumisha uhuru na umoja". Dumisha: kuna anayedumishwa na kuna anayedumisha. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, yamesimama karne nyingi. Yaliingia Urithi wa Dunia 1981, lakini 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutoka humo mpaka 2014, baada ya kazi ya kuyakarabati. Hata jiwe hudumu kwa mkono wa mtu.

Siku hizi maofisini wamehamia "endelevu". Silichukii, ila mradi wa maji ukishaitwa endelevu mimi hutazama bombani kwanza, nione madumu yamepanga foleni ndefu kiasi gani. (Dumu hilo halina undugu na kudumu, ingawa plastiki yake itatuzika sote.)

Turudi kwa mjomba. Mikorosho yake ni mikongwe, na mwaka asiopulizia salfa, ugonjwa wa ubwiriunga humaliza maua yote. "Andika tu idadi, mzee," karani akamhimiza.

Akaandika 43. Akaitazama, akafuta 3, akaweka 1.

"Ile miwili ya bondeni," akasema, "sina uhakika nayo."