Mwalimu wa Kemia Asiyewahi Kushika Bureti Peke Yake

Wiki iliyopita kijana wa BTP (mafunzo ya kufundisha kwa vitendo) aliyepangiwa shuleni kwetu alinifuata ofisini saa ya chai. Akaniamkia, akabaki amesimama mlangoni. "Mwalimu, naomba praktikali ya Ijumaa uisimamie wewe. Mimi nitafundisha nadharia."

Nilidhani anaumwa. Nikamwambia avute kiti. Alichonieleza kimeninyima usingizi: huu ni mwaka wake wa tatu anasomea ualimu wa Fizikia na Kemia, na hajawahi kutengeneza myeyusho wa asidi kwa mikono yake. Chuoni waliingia maabara watu kumi na wawili meza moja. Mmoja anashika bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia asidi, mmoja anaandika, kumi wanachungulia. Yeye siku zote alikuwa mwandishi, kwa kuwa ana mwandiko mzuri.

Simlaumu. Kichwani yuko vizuri kuliko nilivyokuwa mimi umri wake. Hasira yangu ni kwa utaratibu unaompa mtu cheti cha kufundisha Kemia bila kumpima hata mara moja akiwa maabara peke yake, darasa zima likimsubiri nje.

Maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Shule nyingi za kata hazina fundi sanifu wa maabara. Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne ukifika, maelekezo ya maandalizi yanatoka Baraza la Mitihani, na anayepima, anayechanganya na anayeosha vyombo ni mwalimu. Tuseme una watoto 80, kila mmoja apate mililita 100 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita. Hizo ni lita nane. Asidi ya chupani ina kama moli 12 kwa lita, kwa hiyo unahitaji takriban mililita 67 tu. Hesabu hiyo kijana wangu aliimaliza kabla sijapata kalamu. Lakini alipofungua chupa na ule moshi mweupe ukatoka shingoni, alirudi nyuma hatua mbili, kisha akaanza kuielekeza kwenye bika kavu. Nikamshika mkono. Maji kwanza, asidi ndiyo inayoyafuata maji. Kanuni hiyo anaijua tangu akiwa mwanafunzi, ila mkono wake ulikuwa haujaijua.

Tulikaa maabara Jumatano na Alhamisi baada ya vipindi, tukidondosha asidi kwenye alkali hadi rangi igeuke ya chungwa, kisha tukisoma mililita zilizotumika. Mara ya kwanza alisuuza bureti kwa maji, akasahau kuisuuza kwa asidi yenyewe, na chini ya koki kikabaki kiputo cha hewa. Akapata 27.4 mahali palipotakiwa 25.0. Aliliangalia lile jibu kama mtu aliyesalitiwa. Tukamwaga, tukarudia. 26.1. Tukarudia tena. Giza lilipoanza kuingia alikuwa na 25.0, 24.9 na 25.1, na alikuwa anaweza kunieleza kila kosa limetokea wapi. Saa nne kwa jumla. Miaka mitatu imekosa saa nne za kumpa huyu mtoto?

Msimamizi wake wa chuo amekuja mara mbili. Alikagua andalio la somo, akakagua azimio la kazi, akakaa nyuma ya darasa akijaza fomu. Maabara hakuingia.

Najua uhaba upo. Najua kemikali ni ghali na wakufunzi wamezidiwa. Najua pia tumewahi kukimbilia idadi na tukaona ilikotufikisha: Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walirudishwa nyumbani. Na majengo tunayo. Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, wazazi walichanga na kuta zikasimama.

Ninachokiomba ni kidogo. Kabla ya kuhitimu, kila mwalimu mtarajiwa wa sayansi aandae praktikali ya darasa zima peke yake, kuanzia kupima asidi hadi kuosha bika ya mwisho, na mkufunzi asimame pembeni bila kumsaidia. Akikosea arudie. Asiyefaulu hilo asipewe darasa.

Ijumaa niliingia na kukaa kwenye stuli ya nyuma. Katikati ya kipindi binti mmoja akanyoosha mkono, chupa yake imeiva wekundu. "Mwalimu, mbona yangu haikuishia rangi ya chungwa?" Nilimtazama kijana wangu, nikiwa tayari kuinuka. Hakugeuka kunitafuta. Aliinama hadi macho yake yakawa usawa wa bureti, akasoma, kisha akamwambia, "Umepitiliza. Mwaga tuanze upya, na safari hii fungua koki tone moja moja."